Mchoro Kwanza, Greda Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Maamuzi ya Ardhi na Makazi Dodoma

Greda likishafika mtaani kwenu, uamuzi umeshapita zamani. Ulipita kwenye mchoro wa mipango miji, ukapita mezani kwa wataalamu wa halmashauri, ukajadiliwa na kamati ya madiwani, ukapigwa mhuri. Anayeanza kuhangaika siku hiyo anahangaika na dereva ambaye hana mamlaka yoyote.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Dodoma anayetaka kufika mapema: mwenye shamba la zabibu pembezoni mwa jiji, aliyenunua kiwanja na hajajenga, anayetaka kujenga sasa, au jirani aliyeona eneo la wazi limeanza kuzungushiwa mabati. Nitakaa zaidi kwenye mchoro na pingamizi, kwa sababu hapo ndipo haki za watu wengi hupotelea kimyakimya.

Dodoma ina historia yake, na historia hiyo imo kwenye karatasi zako

Mwaka 1973 nchi iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kusimamia ujenzi wa mji. Kwa zaidi ya miaka 40 CDA ndiyo iliyopanga, ikapima na kugawa viwanja, na watu walipewa umiliki wa miaka 33. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja, majukumu yake yakahamia kwa halmashauri, na mlango wa hati za miaka 99 ukafunguliwa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Haya si ya kujifunzia historia tu. Kama karatasi yako ni ya CDA, au unanunua kwa mtu mwenye karatasi ya CDA, jambo la kwanza ni kwenda ofisi ya ardhi kuthibitisha kwamba kumbukumbu za kiwanja hicho zimo, ziko kwa jina lilelile, na kwamba umiliki wa miaka 33 umehuishwa au unaweza kuhuishwa. Barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, iliyokunjwa kabatini haikupi uhakika kwamba kiwanja hakikugawiwa mtu mwingine. Kiwanja kimoja kupewa watu wawili ni maumivu ambayo Dodoma inayajua vizuri.

Jambo la pili ni kasi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji lenye kata 41. Mji wa Serikali Mtumba, reli ya kisasa, uwanja wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko vimevuta viwanja kuelekea Ihumwa, Nala, Iyumbu, Mkonze na kwingineko ambako juzi tu palikuwa mashamba ya mtama na zabibu. Jiji lina Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039. Huo ndio unaosema wapi ni makazi, wapi viwanda, wapi kilimo na wapi mji usiguse.

Hatua ya kwanza: jua nani anaamua nini

Watu wengi humaliza miguu kwa kwenda kwa mtu asiye na uamuzi. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri: kwetu ni Halmashauri ya Jiji. Mkurugenzi wa Jiji ndiye mtendaji wake mkuu. Chini yake wapo maafisa mipango miji wanaochora, wapima wanaoweka bikoni, yaani alama za mipaka ardhini, maafisa ardhi wanaoshughulikia umiliki, wathamini na wahandisi. Hoja za mipango hupelekwa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo ni ya madiwani, kisha zinafika Baraza la Madiwani. Wizara ya Ardhi inaingia kwenye kuidhinisha michoro, kuidhinisha upimaji na kusajili hati.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa wanajua nani anaishi wapi, wanatambulisha wakazi, wanaitisha mikutano. Hawagawi viwanja. Hawabadili matumizi ya ardhi. Na hakuna sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti asilimia 10 ya bei ya kiwanja chako, hata kama umeambiwa hiyo ni desturi. Mheshimu mwenyekiti, mshirikishe, lakini mhuri wake hauwezi kugeuza shamba kuwa kiwanja.

Ukivuka mpaka wa jiji kwenda vijiji vya Chamwino au Bahi, mambo hubadilika. Huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ukiuziwa ekari 20 kwa makubaliano ya watu watatu chini ya mbuyu, omba muhtasari wa mkutano mkuu. Usipoletewa, ondoka.

Hatua ya pili: upate mchoro

Kuna karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Mchoro wa mipango miji, ambao mafundi na madalali huuita TP, unaonyesha matumizi yaliyokusudiwa: kiwanja hiki makazi, hiki biashara, pale shule, pale eneo la wazi, hapa njia ya maji. Ramani ya upimaji inakuja baadaye na kuonyesha vipimo na bikoni kama zilivyowekwa ardhini. Ukionyeshwa mchoro peke yake, huenda eneo bado halijapimwa. Ukionyeshwa bikoni bila mchoro, hujui zimewekwa kwa idhini ya nani.

Nenda ofisi ya mipango miji ya jiji ukiwa na jina la mtaa, namba ya kitalu na kiwanja kama ipo, na koordineti za eneo. Simu ya mkononi inatosha kukupa za kuanzia. Uliza maswali matatu: eneo hili lina mchoro ulioidhinishwa? Namba yake ni ipi? Umewahi kurekebishwa? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Mchoro unaweza kurekebishwa, na marekebisho ndipo uwanja wa watoto unapogeuka kuwa viwanja vinne vya biashara.

Ukizungushwa, andika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Peleka barua nakala mbili masijala, waigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, moja irudi kwako. Bila mhuri huo, barua yako haijawahi kuwepo.

Kwa umiliki, omba upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Utajua mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Na kama kiwanja ni cha wanandoa, hakikisha mwenzi ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe na mmoja kwa siri.

Hatua ya tatu: tembea na mchoro mkononi

Mchoro usomewe ardhini. Dodoma inadanganya wakati wa kiangazi: korongo la mchanga linaonekana kama barabara nzuri, watoto wanachezea mpira ndani yake, na dalali anakwambia "hapa hapana maji kabisa." Masika yakifika, korongo hilo linakumbuka njia yake. Angalia mizizi ya miti iliyofukuliwa, takataka zilizonasa kwenye vichaka, kingo zilizomeguka. Uliza wenyeji, hasa wazee wa Kigogo waliolima hapo, maji yalipita wapi mwaka wa mvua nyingi. Jibu lao ni kipimo kizuri kuliko rangi ya kwenye karatasi.

Kisha angalia mipaka ya kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pima kwa futi kamba. Nyumba nyingi zenye alama nyekundu ya X ya kubomolewa zingeokolewa na futi kamba ya fundi.

Hesabu pia maeneo ya umma. Mchoro unaonyesha shule ya msingi, zahanati, soko, makaburi na eneo la wazi. Je, bado vipo? Kuna mtu amekwishachimba msingi? Piga picha, andika tarehe. Maeneo haya hayana mwenye nyumba wa kuyalinda, kwa hiyo yanalindwa na majirani au hayalindwi na mtu.

Hatua ya nne: ingia kwenye vikao

Mkutano wa wakazi wa mtaa ni wako. Dai muhtasari uandikwe na hoja yenu iingie kama azimio, lenye mtoa hoja na idadi ya waliohudhuria. Kelele za mkutanoni zisizoandikwa hazivuki mlango wa ofisi ya kata. Azimio lililoandikwa linaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu, na kutoka hapo linaweza kubebwa hadi jiji.

Baraza la Madiwani hukutana kwa kawaida kila robo ya mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Kusikiliza tu, hutapewa nafasi ya kuchangia. Kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira hukaa kabla ya baraza, na yaliyoamuliwa humo mara nyingi hupita barazani bila ubishi. Mtafute diwani wako wiki chache kabla, mpe ukurasa mmoja wenye namba ya mchoro, namba ya kiwanja, picha na azimio la mtaa. Usisahau madiwani wa viti maalum: nao ni wajumbe wa baraza, na wengi wana muda wa kusikiliza kuliko tunavyodhani.

Naomba hili lishikwe: diwani hawezi kutetea hoja ya "wananchi wanalalamika". Anaweza kutetea "kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kwenye mchoro ulioidhinishwa ni eneo la wazi, leo kuna msingi, kibali kilitolewa na nani?"

Hatua ya tano: pingamizi la kubadili matumizi

Mwenye kiwanja cha makazi akitaka kujenga baa, kituo cha mafuta au hosteli, lazima aombe kubadili matumizi ya ardhi. Sehemu ya utaratibu ni tangazo, ili majirani wajue na watoe maoni. Angalia magazeti, mbao za matangazo za mtaa na kata, na bango kwenye kiwanja chenyewe. Siku za kutoa pingamizi zimeandikwa kwenye tangazo. Hesabu tangu tarehe ya tangazo, si tangu siku uliyoliona.

Pingamizi zuri ni fupi na linazungumzia ardhi. "Hatumpendi mwekezaji" haifiki mbali. Hoja zenye nguvu ni hizi: barabara ya mtaa ina upana mdogo kuliko magari yatakayokuja, mfumo wa majitaka haupo na maji yatatiririka kwa majirani, kituo cha mafuta kitakuwa jirani na shule, mchoro ulioidhinishwa una eneo la biashara la kutosha mita chache mbele, kelele za usiku katika eneo la makazi. Unaweza kuandika hivi:

"Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Yah: Pingamizi dhidi ya maombi ya kubadili matumizi ya kiwanja namba …, kitalu …, mtaa wa …, kutoka makazi kuwa …. Sisi wakazi tuliotia saini, ambao viwanja vyetu vinapakana na kiwanja tajwa, tumesoma tangazo la tarehe …. Tunapinga maombi hayo kwa sababu zifuatazo …. Tunaomba wataalamu wafike eneo la tukio kabla ya maombi kujadiliwa, na tupatiwe majibu kwa maandishi. Tumeambatisha picha, orodha ya majina na namba za viwanja vyetu, na muhtasari wa mkutano wa mtaa."

Nakala zipelekwe kwa diwani, mtendaji wa kata na Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Saini za wanaopakana na kiwanja zina uzito kuliko saini mia za watu wa mbali. Na kama mradi ni mkubwa, uliza kama umefanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Huko nako kuna nafasi ya wananchi kutoa maoni, na wengi hawaitumii.

Hatua ya sita: kama ardhi inayopangwa ni yako

Hapa hutokea njia mbili. Ya kwanza ni upimaji shirikishi au urasimishaji: unabaki na sehemu ya ardhi yako ikiwa viwanja, na sehemu inakwenda kwenye barabara, huduma na gharama za upimaji. Inaweza kukufaa, lakini kabla ya kusaini uliza mgawanyo unahesabiwa kabla au baada ya kutoa barabara na maeneo ya umma, viwanja vyako vitakuwa vipi kwenye mchoro, nani analipia hati, na kazi ikikwama itakuwaje. Tuseme mama mwenye ekari tatu Matumbulu anaambiwa atabaki na "viwanja vyake". Vingapi? Vya ukubwa gani? Viko barabarani au korongoni? Yote yaandikwe kwenye mkataba, na mkataba usomwe na mtu mwingine unayemwamini kabla ya kidole gumba kuguswa wino.

Ya pili ni kutwaliwa kwa manufaa ya umma. Sheria inataka ujulishwe na ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Fidia haiishii kwenye thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko: kanuni za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi na faida iliyopotea, kulingana na hali ya mwenye eneo. Mizabibu, miembe, kisima na uzio vihesabiwe kimoja kimoja. Usikubali kuandikiwa "shamba la zabibu" kwa ujumla. Mzabibu unaozaa na mche wa juzi havina thamani moja. Soma fomu, piga picha kila ukurasa, saini baada ya kuelewa.

Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, na uthamini uliokaa zaidi ya miaka miwili bila malipo unapoteza nguvu na kurudiwa. Kwa hiyo tarehe ya kuidhinishwa kwa daftari la fidia ni tarehe ya kuikumbuka kama siku ya kuzaliwa ya mwanao.

Hatua ya saba: kibali cha ujenzi

Hapa ni rahisi kuliko sifa zake. Maombi siku hizi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI. Unahitaji uthibitisho wa umiliki, ramani za jengo zilizochorwa na mtaalamu, michoro ya mhandisi kama ni ghorofa, na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Malipo yote ni kwa namba ya malipo ya serikali. Ukiombwa kutuma kwenye simu ya mtu, simama hapo hapo.

Kinachokwamisha maombi mengi ni ramani isiyolingana na kiwanja: nyumba ya mchoro wa kununua mtandaoni inabandikwa kwenye kiwanja kilichopinda, na umbali kutoka kwenye mpaka hautoshi. Mpeleke mchoraji akaone bikoni. Weka shimo la maji taka kwenye ramani tangu mwanzo, na muulize mhandisi kuhusu udongo, kwa kuwa sehemu za Dodoma zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, na msingi wa kawaida hauuwezi. Nakala ya kibali ikae saiti. Kumbuka pia sharti la hati la kuendeleza kiwanja, ambalo kwa kawaida ni miezi 36. Ukikiacha pori, unaweza kuanza kupokea ilani.

Hatua ya nane: yakishindikana

Anza na barua kwa Mkurugenzi, kisha Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Wizara ikitangaza kliniki ya ardhi, nenda na jalada lako limepangwa kwa tarehe, kwa sababu unakutana na wataalamu wa idara zote mahali pamoja.

Mgogoro na jirani hupita kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukitaka kuishtaki halmashauri yenyewe, njia ni tofauti: toa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Mashauri mengi yenye haki ndani yake yametupwa kwa kukosa notisi hiyo. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na ukishindwa kwenye Baraza la Wilaya, rufaa ya Mahakama Kuu ina siku 45, kwa hiyo omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa.